Kiberenge Hugeuzwa na Wawili

Siku Ramani alipokuja kumwacha, Fundi alikuwa amelala chali chini ya kiberenge chake, miguu nje, mikono grisi tupu, akiimba kwa sauti ambayo Mungu hakumpa kwa kazi hiyo.

Alizitambua hatua kabla hajauona uso. Mapenzi yana mambo yake jamani: mtu anaweza kusahau alipoweka funguo sasa hivi, lakini kishindo cha viatu vya mtu mmoja juu ya kokoto hakisahau hata usingizini. Viatu vilikuja vikasimama karibu na goti lake. Wimbo ukamfia kooni.

"Hujambo, Fundi."

"Sijambo." Hakutoka. "Nilidhani umehama dunia."

"Nilikuwa na mambo nyumbani."

"Kila mtu ana mambo nyumbani. Na simu yako nayo ilikuwa na mambo nyumbani?"

Ramani akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa na kiatu. "Naomba nipande na wewe leo."

"Panda. Nimechoka kugeuza kiberenge na daktari wa meno. Anashika chuma kama anashika pamba."

Akajivuta nje, akaketi, akamtazama. Afadhali asingemtazama. Yule kijana alikuwa amekonda. Ndevu kanyoa upande mmoja vizuri na upande mwingine kama aliyeitwa katikati ya kazi. Macho yake, yale macho yaliyozoea kumcheka kabla ya mdomo, leo yalitua begani kwake na hayakupanda juu. Fundi akajua. Mwanamke hahitaji kuambiwa. Alichokifanya ni kufuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja, polepole, ili asipate nafasi ya kuuliza.

Kwa yule ambaye hajakiona, kiberenge ni kijigari cha reli: bati la kukalia watu wawili, injini ndogo yenye kelele kubwa, magurudumu manne ya chuma, na katikati wenzo mrefu wa breki. Zamani watu wa reli walikitumia kukagua njia. Treni zilipoacha kupanda mlimani, viberenge vikatupwa nyuma ya stesheni kama vyuma chakavu, mpaka wenye wazimu wao wakavichukua, wakavipaka rangi, wakavifufua. Msimu wa jua, kila Jumapili, walivipandisha kwa mlolongo hadi kileleni, kwa raha tu, watazame dunia ilivyolala chini. Fundi ndiye aliyewatengenezea wote, na ndiye aliyetangulia mbele. Njia ile aliijua tangu hajaota meno, maana baba yake alikuwa mkuu wa genge lililoitunza.

Na Ramani? Ramani alikuwa mpima ardhi. Alikuja siku moja na vyombo vyake kupima tuta la reli, akaomba lifti kwenye kiberenge, na tangu hapo tuta likawa halipimiki likaisha.

"Ehee! Kumbe yuko hai!" Bi. Kofia alikuwa ameshaketi kwenye kiberenge chake cha manjano, kofia ya leo ina ua kubwa kama sahani. "Sisi tulishaanza kukulilia, baba. Mwenzako hapa kafifia kama taa ya kandili."

"Bi. Kofia, mimi sijafifia," Fundi akasema. "Nimeacha kula maandazi yako tu."

"Mpenzi akirudi na njaa itarudi."

Daktari wa meno akachomoza kichwa kutoka nyuma. "Msiwachokoze. Mimi kazini naona: jino linalouma haliguswi kwa kidole."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, akakaza mshipi wa kofia yake mpaka ukamkata kidevu.

Wakaondoka.

Kupanda mlima ule kwa kiberenge ni jambo la kumfanya mtu asahau madeni na maadui. Reli inazunguka ubavu wa mlima, upande mmoja mwamba unaotoka maji, upande mwingine shimo la bonde na mto mwembamba chini kabisa. Upepo unakupiga usoni. Misonobari inapita karibu, ungeweza kuchuma jani. Siku nyingine Ramani angekuwa anapiga kelele kama mtoto: "Tazama kule! Tazama maporomoko yale!" Leo alikaa kimya, mikono kati ya magoti.

"Fundi, nina jambo," akasema.

Fundi akaongeza moto. Injini ikanguruma, neno likapotea.

Ndivyo alivyofanya njia nzima. Kila Ramani alipofungua mdomo, yeye akaongeza moto. Kwani jambo lisilosemwa si bado halijatokea? Alijua ni utoto. Lakini aliyepewa kikombe cha shubiri haambiwi akinywe kwa haraka.

Pale barabara inapokata reli, ilibidi wasimame. Hapo pana desturi yao watu wa viberenge: wa mbele huinua mkono juu, wa nyuma yake akiuona naye huinua wake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wa mbele haendi mpaka ageuke auone mkono wa mwisho kabisa. Ndipo ajue kwamba wote wapo, hakuna aliyebaki njiani.

"Mama amesema—" Ramani akaanza.

"Nausubiri mkono wa daktari," Fundi akamkata. "Ule pale. Twende."

Kisha handaki likawameza. Humo ndimo walimobusiana mara ya kwanza, gizani, matone yakiwadondokea shingoni, na daktari nyuma yao akipiga honi kwa uchokozi. Fundi alijiambia leo hatakumbuka. Mara akahisi mkono wa Ramani unautafuta wake gizani, ukaupata, ukaukamata. Fundi akalia pale pale, kimya kimya, na mwanga ulipoanza kuonekana mbele akajifuta kwa kiwiko na kusema moshi wa injini umemwingia.

* * *

Laiti baba yake asingemwambia chochote! Angepanda mlima na ujinga wake, na ujinga una raha yake.

Lakini jana jioni jikoni alimng'ang'ania. Mzee alikuwa akimenya viazi, mguu wake mbovu umenyooshwa juu ya kigoda, na Fundi akapiga magoti mbele yake kabisa.

"Baba, nakuomba. Nenda kwa mama yake Ramani. Mwambie pole. Neno moja tu. Miaka yote hii hujawahi kukanyaga kwake. Watu wanasema ni kiburi."

"Waache waseme."

"Mimi ndiye ninayelipia, baba! Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimekosa nini?"

Mzee akaweka kisu chini. Mlima mzima walijua kisa chenyewe: mkuu wa genge na mwenzake, baba yake Ramani, walishuka kwa kiberenge siku ya mvua, breki hazikushika, kiberenge kikaruka kwenye kona. Mkuu wa genge akatoka na mguu mbovu. Mwenzake hakutoka. Na aliyekuwa ameshika breki alikuwa mkuu wa genge. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na kazi wakamfukuza.

"Mimi sikuwa kwenye breki, mwanangu," mzee akasema.

Fundi akamkodolea macho.

"Tulipogeuza kiberenge kule juu, pini ya breki ilichomoka. Hutokea, kikitikisika wakati wa kuinua. Ndiyo maana ukishageuza lazima ujaribu: mmoja anasukuma nyuma, mwingine anavuta breki. Nikainama nikasukuma. Nikamuuliza, 'Imeshika?' Akanijibu, 'Imeshika, panda twende!' Kumbe hakuivuta. Alikuwa anavaa koti lake la mvua. Na mimi niliposikia neno nikaridhika, sikusukuma mara ya pili. Kosa langu ni hilo."

"Haraka ya nini, baba?"

"Asubuhi waligombana na mkewe. Mkewe akamwambia, leo ukichelewa tena, usirudi. Maneno ya ndoa hayo, kila nyumba yapo. Yeye kutwa nzima anacheka, anasema leo nitamfikia hata chai haijachemka."

Maji ya viazi yalikuwa yakichemka, hakuna aliyenyanyuka.

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Yule mama alikuja anakimbia juu ya mataruma ya reli, peku. Mimi nimelala pale na mguu wangu. Hakuniuliza 'yuko wapi'. Aliniuliza, 'Alikuwa anaharakisha?'" Mzee akasugua goti lake. "Ungemjibu nini, mwanangu? Nikamwambia hapana, mama. Breki nilikuwa nazo mimi."

Akaokota kisu, akamenya kiazi ambacho kilikwisha kumenywa.

"Nikienda kwake ataniuliza tena. Ataniangalia machoni, na mimi sijui kudanganya mara mbili. Lakini wewe sikufungi mdomo. Mzigo nilijitwika kwa hiari yangu. Ukiona umekuelemea, useme. Sitakulaumu hata kidogo."

* * *

Kileleni reli inaishia kwenye uwanja mdogo wa nyasi. Kutoka hapo milima inaonekana mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ile ya mwisho inakuwa rangi ya moshi. Wenzao wakatandika mashuka, wakafungua chupa za chai. Fundi hakuketi.

"Tugeuze kwanza," akasema.

Kiberenge hakina gia ya kurudi nyuma. Unakiwekea gogo la mbao ngumu chini ya tumbo libebe uzito, kisha watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, wanashika mipini, wananyanyua pamoja na kukizungusha. Mtu mmoja, hata awe na nguvu za ng'ombe, hakiwezi. Wao wawili walikuwa wamezoeana hata hawakuhitaji kuhesabu; mmoja akivuta pumzi mwingine anajua.

Wakainua. Walipofika katikati, kiberenge kikiwa kimelala kukingama reli, Ramani akasimama.

"Jumamosi mjomba anapeleka posa," akasema.

Fundi hakuachia mpini. "Kwa nani?"

"Binti wa rafiki yake. Simjui. Nimemwona mara moja."

"Wewe umesema nini?"

"Sijasema ndiyo."

"Umesema hapana?"

Ramani akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, umesema hapana?"

"Mama hali, Fundi! Anakaa kwenye kiti cha marehemu asubuhi mpaka jioni, chakula kinapoa mbele yake. Salamu yangu haitikii. Ameniambia nichague: yeye, au mtoto wa mtu aliyemuua baba yangu. Ni mama yangu. Sina mwingine."

"Na mimi wa kuokota?"

"Wewe ndiye moyo wangu, unajua!"

"Moyo wako unaupelekea posa nyumba nyingine Jumamosi."

"Nyie watoto!" Bi. Kofia aliita kutoka kwenye shuka lake. "Geuzeni kwanza, ndipo mgombane! Mmeziba njia!"

Hawakumsikia, au walimsikia wakapuuza. Ramani akauzunguka mwisho wa kiberenge akaja upande wake, akasimama karibu mno, na sasa macho yale yakapanda. Fundi akatamani yangebaki begani.

"Sikiliza. Jana usiku amenifungulia mlango mmoja tu. Amesema, yule mzee aje aseme ilikuwaje. Aseme mbele yangu, kisha nitafikiri. Hajawahi kusema hata hivyo tangu nizaliwe! Na mimi, Fundi, nakwambia kweli, sijawahi kuamini. Baba yako namwona. Mtu anayegonga kila msumari mara mbili hashuki mlima huu bila kujaribu breki. Haiingii akilini. Hilo ndilo lililonipa nguvu ya kusimama mbele ya mama miaka hii miwili. Kuna kitu hakijasemwa." Akamshika mabega. "Wewe unakijua?"

Upepo ulipita juu ya nyasi. Daktari wa meno alikuwa akisimulia hadithi yake ya simba mwenye jino bovu, na watu walikuwa wakicheka.

"Fundi. Nani alikuwa kwenye breki?"

Jamani, jibu lilikuwa pale, mdomoni, tamu kama tunda. Baba yako. Maneno mawili. Aseme tu, na posa ya Jumamosi ife, na yeye avae gauni, na baba yake atembee mjini kichwa juu na mguu wake mbovu. Baba mwenyewe amempa ruhusa. Nani angemlaumu?

Akamwona yule mama anakimbia peku juu ya mataruma. Alikuwa anaharakisha?

Akawaza pia amwambie Ramani peke yake, iwe siri ya wawili. Lakini huyu bwana hakujua kuficha hata zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mama yake angeisoma usoni kabla hajavua viatu. Na akishaisoma, kile kiti cha marehemu kingekuwa kaburi lake.

"Alikuwa baba," Fundi akasema.

Mikono ya Ramani ikalegea mabegani kwake.

"Alijaribu?"

"Hakujaribu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na haraka." Sauti ilimtoka kavu, ya mtu mwingine. "Nilikuwa mtoto, nina homa nyumbani. Alitaka kuniwahi. Ameniambia mwenyewe jana. Ndiyo maana haji kwenu. Anaona aibu."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli."

Ramani akarudi nyuma hatua moja, akaketi juu ya reli. Akafunika uso. Mabega yake yalitikisika, na Fundi, ambaye mikono yake ilitamani kukishika kichwa kile ikiweke kifuani, aliifunga nyuma ya mgongo wake na kuiminya mpaka ikauma.

"Hilo mama hawezi kulisamehe," Ramani akasema mwishoni.

"Najua."

"Nilikuja nikiwa na tumaini moja, Fundi. Moja tu."

"Najua, mpenzi. Inuka. Tumeziba njia ya watu."

Akainuka. Kila mmoja akarudi upande wake, wakavuta pumzi pamoja kama zamani, wakainua, wakazungusha, wakakishusha juu ya reli. Kiberenge sasa kilitazama chini. Ramani akaketi kwenye breki bila kuambiwa, na Fundi akainama nyuma, akaweka mikono yote miwili kwenye bati, akasukuma kwa nguvu zake zote.

"Imeshika?"

Wenzo ulilia. Gurudumu halikusogea hata nywele.

"Imeshika," Ramani akajibu, na sauti yake ikavunjika.

Fundi akasukuma mara ya pili. Hakukuwa na haja. Alitaka tu wabaki hivyo kidogo, yeye akisukuma na yule akizuia, kabla hawajaachana.

Ramani akashuka. "Nitashuka na daktari," akasema. "Nikikaa karibu yako mpaka chini, sitaweza kushuka."

"Vaa koti. Kule nyuma kuna baridi."

Ni hilo tu aliloweza kusema. Mtu unampenda hivyo, na neno lako la mwisho kwake ni koti.

* * *

Alishuka peke yake mbele ya mlolongo, kiti cha pembeni kitupu kikigongagonga kwa sababu hakikuwa na uzito. Bonde lilikuwa zuri kuliko siku zote. Fundi aliona ni dharau.

Pale barabara inapokata reli akasimama, akainua mkono. Nyuma yake Bi. Kofia akainua wake, na mwingine, na mwingine. Fundi akageuka autafute wa mwisho. Kwenye kiberenge cha daktari haukuinuliwa na daktari. Ulikuwa wa Ramani, mrefu, umenyooka juu, na haukushuka. Bi. Kofia akautazama mkono ule, akamtazama Fundi, akavua kofia yake na kuiweka mapajani. Hakufanya mzaha wowote.

"Twende, mwanangu," akasema kwa upole. "Wote wapo."

Stesheni gari la mjomba lilikuwa likisubiri. Ramani akapita moja kwa moja, hakugeuka, mjomba akamfungulia mlango akamshika bega na kuanza kumwongelesha. Watu wakaagana haraka haraka, kama wanavyofanya watu wanaoona msiba usio wao. Fundi alikuwa ameinamia injini, anajifanya kuna kitu cha kukaza, alipoona kivuli juu ya bati.

Alikuwa mama yake Ramani, ameshuka garini. Mwanamke mwembamba, mtandio wa kijivu, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

Hakuitikiwa. Hajawahi kuitikiwa, tangu amfahamu. Sokoni, hospitalini, mlangoni kwao siku ile aliyopeleka matunda: shikamoo yake ilikuwa ikidondoka chini kama sarafu mbovu.

Yule mama alikuwa anatazama kiberenge. Akanyoosha kidole, akagusa wenzo, akakiondoa haraka.

"Ndicho cha breki hiki?"

"Ndicho, mama."

"Mwanangu ameniambia pale kwenye gari. Kwamba baba yako ndiye alikuwa na haraka. Kwamba wewe ulikuwa na homa."

"Ndiyo, mama."

"Una hakika?"

Fundi akamtazama machoni. Baba yake hakujua kudanganya mara mbili. Yeye ilibidi ajue.

"Nina hakika. Mzee wenu hakuwa na haraka yoyote. Baba ndiye."

Yule mama akashusha pumzi ndefu, pumzi iliyokaa ndani miaka. Akaketi ukingoni mwa kiberenge, pale pale kwenye kiti kitupu.

"Asubuhi ile nilimwambia asipowahi asirudi," akasema. Alikuwa haongei na Fundi hasa. "Sijamwambia mtu. Hata mwanangu hajui. Nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya chai, fikiria, chai. Kila nikilala naisikia sauti yangu mwenyewe." Akauminya mkoba. "Wewe ni binti mzuri. Nimeliona hilo siku nyingi, mimi si kipofu. Lakini nisipomchukia baba yako, nimchukie nani?"

Machozi yalimpanda Fundi mpaka puani. Akayazuia.

"Mchukie yeye, mama," akasema. "Ameshazoea. Hatachoka."

Yule mama akainua uso akamtazama, kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. Alichokiona hakukisema. Akasimama, akaweka mtandio sawa, akaanza kwenda. Alipofika karibu na gari akasimama.

"Marahaba," akasema bila kugeuka.

Gari likaondoka. Ramani alikuwa amekaa nyuma, paji la uso limeegemea kioo, na Fundi alimwona mpaka kona, na baada ya kona akaendelea kutazama barabara ambayo haikuwa na mtu.

Kiberenge kilikuwa bado kimetazama stesheni. Lazima kigeuzwe kitazame mlima, kwa Jumapili ijayo. Wote walikuwa wamekwenda. Akasukuma gogo chini ya tumbo lake, akashika mpini, akanyanyua peke yake. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukabaki. Akashusha. Akanyanyua tena. Akashusha, akaliwekea paji la uso bati lile la moto na kulia kwa sauti, kilio chote alichokibana tangu asubuhi, hata kunguru wakaruka juu ya paa la stesheni.

Hakusikia fimbo ya baba yake ikija juu ya kokoto. Aliona tu mikono miwili mizee, yenye makovu, imeshika mpini wa upande wa pili.

"Baba, mguu wako."

"Mguu wangu unahusikaje? Ninainua kwa mikono." Mzee akaegemeza fimbo kwenye gurudumu. Alikuwa ameliona gari likiondoka. Dirisha la jikoni linatazama barabara. "Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Mzee akatazama mlima, akatazama mikono yake.

"Basi nimekuharibia maisha, mwanangu."

Fundi akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, ukaacha mstari mweusi shavuni. Akashika mpini wake.

"Inua, baba," akasema.

Wakainua.